Usisubiri kesho: Hesabu tatu za afya ambazo kila mzazi anapaswa kuzielewa

Msomaji wangu, kama una mtoto mdogo nyumbani, chukua kadi yake ya kliniki uifungue. Ndani utakuta mistari iliyopinda, na juu yake vinukta ambavyo muuguzi huviweka kila mwezi baada ya kumpima mtoto uzito. Hiyo ni grafu. Wazazi wengi wanayo nyumbani, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, lakini wachache wameelezwa namna ya kuisoma.

Leo nimeamua kuzungumzia hisabati, na naomba usifunge gazeti. Sababu ni swali moja ambalo sisi madaktari tunaulizwa mara kwa mara: "Daktari, jana alikuwa na homa kidogo tu. Imekuwaje leo hali ikawa hivi?" Mzazi anayeuliza hivyo si mzembe. Alimwona mtoto jana, akaona hali si mbaya, akahesabu kwamba kesho itazidi kidogo tu. Kosa liko kwenye hesabu hiyo. Alidhani ugonjwa unapanda kwa hatua sawa, kumbe ugonjwa ule ulikuwa unajizidisha.

Mambo ya mwili hubadilika kwa njia nyingi, lakini ukizifahamu tatu utaelewa mengi: mwendo wa mstari mnyoofu, mwendo wa kipeo cha pili, na mwendo wa kujizidisha. Katika hisabati kila mwendo kama huu huitwa fanksheni. Neno lisikutishe. Fikiria mashine ya kusaga: unaingiza kitu upande mmoja, kanuni ni ileile, kinatoka kingine upande wa pili. Unaingiza uzito wa mtoto, unapata kipimo cha dawa. Unaingiza idadi ya siku, unapata wingi wa vimelea. Grafu ni picha tu ya kile kinachotoka kwenye mashine hiyo.

Anza na mchezo wa shilingi

Kabla ya kuingia hospitalini, tufanye mchezo mdogo. Watu watatu wanataka kukuwekea akiba kwa siku 30, nawe uchague mmoja.

Wa kwanza anakuongezea shilingi 10,000 kila siku. Wa pili anahakikisha salio lako linalingana na namba ya siku ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kwa shilingi 1,000: siku ya 2 una 4,000, siku ya 3 una 9,000, siku ya 4 una 16,000. Wa tatu anaanza na shilingi 1 tu, lakini kila siku salio linakuwa mara mbili ya jana.

Siku ya 10, wa kwanza amekufikishia shilingi 100,000. Wa pili naye 100,000. Wa tatu ana shilingi 512, hata nauli ya daladala haitoshi. Utamcheka.

Siku ya 20, wa kwanza ana 200,000, wa pili 400,000, na wa tatu ana 524,288. Amewapita wote wawili, na hiyo ndiyo siku ya kwanza kuwapita. Siku ya 30, wa kwanza ana 300,000, wa pili 900,000, na wa tatu ana shilingi 536,870,912. Ndiyo, zaidi ya nusu bilioni.

Kumbuka jambo moja hapo: kwa siku 19 mfululizo yule wa tatu alionekana si kitu. Kanuni yake haikubadilika siku ya 20. Ilikuwa ileile tangu siku ya kwanza, ila sisi tulikuwa tunaangalia kiasi badala ya kuangalia namna kinavyoongezeka.

Mwendo wa mstari mnyoofu

Huu ndio mwendo ambao akili zetu zimeuzoea. Haba na haba hujaza kibaba: kila unapoongeza kipimo kimoja upande huu, upande wa pili unaongezeka kiasi kilekile. Ukichora, unapata mstari ulionyooka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani.

Dripu ni mfano mzuri. Mgonjwa amewekewa chupa ya lita 1, yaani mililita 1,000, inayopita kwa mililita 125 kila saa. Baada ya saa 1 zimebaki 875, baada ya saa 2 zimebaki 750, baada ya saa 8 chupa ni tupu. Mstari unaanzia 1,000 na kushuka kwa mwinuko uleule hadi sifuri. Ndugu anayemlinda mgonjwa anaweza kukadiria ni saa ngapi amwite muuguzi.

Maji ya ORS kwa mtoto anayeharisha na kuanza kupungukiwa maji hufuata kanuni hiyo pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa 4, akiwa chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 600. Wa kilo 12 anahitaji 900. Nyumbani, kwa mtoto ambaye bado hajapungukiwa maji, mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, na wa miaka 2 na zaidi mililita 100 hadi 200. Hesabu vyoo, utajua maji.

Dawa ya homa ya paracetamol nayo huhesabiwa kwa uzito. Kwa kipimo cha miligramu 10 kwa kilo, mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 kwa mara moja, na wa kilo 24 anahitaji 240. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, basi wa kwanza atapata mililita 5 na wa pili 10. Ndiyo maana tunasisitiza mtoto apimwe uzito badala ya kukisia kwa umri, usome nguvu ya dawa kwenye chupa kwa kuwa si zote zinafanana, na utumie kipimio kilichokuja na dawa badala ya kijiko cha chai.

Lakini mstari huu una mwisho. Mtu hujiambia, "Kama kipimo kimoja kimeshusha homa kidogo, viwili vitaishusha zaidi." Hapo ndipo hatari ilipo. Ini lina uwezo wake wa kuisafisha paracetamol. Ukiuzidi, sumu inayobaki hulishambulia ini lenyewe. Mtoto asipewe zaidi ya mara 4 ndani ya saa 24, na mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa muda huohuo. Ukinunua dawa ya mafua, soma maelezo yake pia, kwa sababu nyingi zina paracetamol ndani yake.

Pombe nayo hutoka mwilini karibu kwa mstari mnyoofu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya kilevi ina gramu 20 hivi za kilevi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 8 kwa saa, hata kama watu hutofautiana. Chupa 3 ni gramu 60, kwa hiyo zinahitaji zaidi ya saa 7. Kuoga maji baridi hakubadilishi mwinuko wa mstari huo, wala kahawa, wala supu. Aliyemaliza kunywa usiku wa manane anaweza kuamka alfajiri na kushika usukani akiwa bado na kilevi kwenye damu.

Mwendo wa kipeo cha pili

Hapa namba inazidishwa kwa yenyewe. Mbili inakuwa 4, tatu inakuwa 9, nne inakuwa 16. Ukichora grafu nzima unapata umbo kama bakuli. Ukiligeuza bakuli hilo unapata njia ya mpira uliopigwa juu ukaanguka mbele. Katika afya mara nyingi tunatumia upande mmoja tu wa bakuli, kwa sababu hakuna mwendokasi wala kimo cha chini ya sifuri.

Mfano wa kwanza ni kipimo cha BMI, ambacho huonyesha kama uzito wa mtu mzima unalingana na kimo chake. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawa kwa kimo kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Wazo la kulinganisha uzito na kimo kwa namna hiyo lilitolewa na mwanahisabati wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, katika karne ya 19. BMI ya 25 ndipo uzito uliozidi unapoanza, na 30 ndipo unene uliokithiri unapoanza.

Tuseme dada wawili, mmoja ana mita 1.5, mwingine mita 1.8. Kwa yule mfupi, mpaka wa BMI 25 ni kilo 56. Kwa yule mrefu ni kilo 81. Kimo kimezidi kwa sehemu moja ya tano tu, lakini mpaka wa uzito umezidi karibu kwa nusu. Kwa hiyo usijilinganishe na jirani kwa kuangalia mizani peke yake. Na tafadhali, mipaka hii ya 25 na 30 ni ya watu wazima; mtoto anapimwa kwa grafu ya umri wake.

Mfano wa pili ni kidonda. Hili nawaambia sana wagonjwa wa kisukari wenye vidonda vya miguu. Kidonda cha mviringo chenye upana wa sentimita 2 kina eneo la sentimita za mraba 3 hivi. Kikifika upana wa sentimita 4, eneo ni zaidi ya 12. Kikifika 6, ni 28. Mgonjwa ananiambia kidonda "kimetanuka kidogo, sentimita mbili tu", wakati nyama iliyo wazi imekuwa mara nne. Pima kidonda kwa rula kila baada ya siku chache na uandike. Kikitanuka hata kidogo, njoo.

Mfano wa tatu uko barabarani. Nguvu anayokutana nayo mtu katika ajali inategemea mwendokasi uliozidishwa kwa wenyewe. Bodaboda iliyokuwa kilomita 30 kwa saa ikifika 60, nguvu hiyo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ikifika 90, ni mara tisa. Ndiyo maana kuongeza mwendo "kidogo tu ili tuwahi" hakulingani na hatari inayoongezeka. Mwambie dereva apunguze, na kofia ngumu ivaliwe na abiria pia, si dereva peke yake.

Mwendo wa kujizidisha

Sasa tumefika kwa yule mtu wa shilingi moja. Katika mwendo huu hakuna kiasi maalumu kinachoongezwa. Kilichopo ndicho kinachojizidisha, mara mbili au mara kumi, kwa kila kipindi. Grafu yake kwa muda mrefu hulala karibu na chini, kisha husimama kama ukuta. Wahenga waliujua vizuri waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bakteria wa kinyesi aitwaye E. coli, akiwa kwenye joto na chakula vinavyomfaa, anaweza kugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Bakteria mmoja baada ya saa 1 ni 8. Baada ya saa 2 ni 64. Baada ya saa 4 ni 4,096. Baada ya saa 7 ni zaidi ya milioni 2. Fikiria uji wa mtoto uliopikwa asubuhi na kuachwa mezani hadi mchana, nao ulianza na bakteria wengi kuliko mmoja. Hauna harufu, hauna dalili. WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama huna friji, pika kidogo kidogo. Na usitegemee kukipasha tu, kwa kuwa baadhi ya bakteria, wakiwemo wanaopenda wali uliolala, huacha sumu ambayo moto wa kupashia hauiondoi.

Malaria ndiyo mfano ninaotaka uukumbuke kuliko yote. Kimelea cha malaria kali tunayoipata hapa nchini huingia kwenye chembe nyekundu ya damu, hukomaa kwa siku 2, kisha huipasua na kutoa vimelea vingine vingi. Si vyote hufanikiwa kuingia kwenye chembe mpya, lakini kwa mtoto asiye na kinga wanaweza kuongezeka takriban mara 10 kwa kila siku 2.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye vimelea 200 katika mikrolita moja ya damu, ambayo ni ndogo kuliko tone. Baada ya siku 2 ni 2,000. Mzazi anayehesabu kwa mstari mnyoofu angesema, "Vimeongezeka 1,800, basi siku ya 4 vitakuwa 3,800 na siku ya 6 vitakuwa 5,600." Lakini kwa mwendo wa kujizidisha, siku ya 4 ni 20,000 na siku ya 6 ni 200,000, kiwango ambacho kwetu ni dharura. Mzazi na ugonjwa walikuwa kwenye grafu mbili tofauti.

Ndiyo maana tunasisitiza mtoto mwenye homa apimwe na kuanza tiba ndani ya saa 24. Kuchelewa siku 2 mwanzoni si sawa na kuchelewa kwenye foleni ya benki, ambako ukichelewa saa 1 unapoteza saa 1. Kwa malaria, siku 2 zinaweza kutenganisha mtoto anayemeza dawa nyumbani na mtoto anayehitaji sindano na kuongezewa damu.

Mwendo huohuo hutokea mtaani. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Tuchukue 15. Mmoja anaambukiza 15, hao wanaambukiza 225, hao nao wanaambukiza 3,375, na kila mzunguko ni wiki mbili hivi. Lakini kama kati ya kila watu 15 ambao angewaambukiza, 14 wana kinga, mgonjwa mmoja anazalisha mgonjwa mmoja tu na mlipuko hausambai. Hesabu hii ndiyo inayotufanya tutake angalau watoto 95 katika kila 100 wapate chanjo zote mbili za surua na rubela, ya kwanza akiwa na miezi 9 na ya pili miezi 18. Wazazi wengi huleta mtoto kwa ya kwanza na kusahau ya pili. Angalia kadi leo.

Mwendo huu hauendelei milele. Chakula cha bakteria huisha, kinga ya mwili huamka, watu wa kuambukizwa hupungua. Lakini usimsubirishe mtoto ukitumaini kwamba mstari utajipinda wenyewe.

Kujizidisha kwa kushuka

Kuna habari njema: mwendo huu hufanya kazi pia kwa kurudi chini. Badala ya kuzidisha, unagawanya. Kahawa ni mfano rahisi. Kwa mtu mzima wengi wetu, mwili huondoa nusu ya kafeini kwa saa 5 hivi. Ukinywa kikombe chenye miligramu 100 saa 11 jioni, saa 4 usiku zimebaki 50, saa 9 usiku zimebaki 25. Kama unalalamika hulali, anza na hesabu hiyo kabla ya kuomba vidonge vya usingizi.

Sasa rudi kwenye malaria. Dawa mseto ya ALu humezwa mara 6 kwa siku 3: ya kwanza mara tu baada ya kupimwa, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula au maziwa ili ifyonzwe vizuri. Sehemu yake yenye nguvu ya haraka, artemether, inaweza kupunguza vimelea takriban mara 10,000 kwa kila mzunguko wa siku 2.

Tuseme mgonjwa alikuwa na vimelea bilioni 1 mwilini. Baada ya siku 2 za dawa wamebaki 100,000. Homa imekwisha, anakula, anacheka. Hapo ndipo wengi huacha dawa na kuweka vidonge vilivyobaki "kwa ajili ya siku nyingine". Lakini 100,000 si sifuri. Wakianza tena kuongezeka mara 10 kwa kila siku 2, watakuwa milioni 1, kisha milioni 10, kisha milioni 100, kisha bilioni 1. Hiyo ni mizunguko minne, siku 8 tu, na mgonjwa yuko pale alipoanza. Halafu anasema dawa haifanyi kazi.

Ukimaliza dozi, vimelea wanashuka zaidi, na dawa ya pili iliyomo, lumefantrine, inabaki kwenye damu kwa siku kadhaa kuwamaliza waliobaki. Kujisikia nafuu kunakuambia namba imeshuka. Hakukuambii imefika sifuri.

Turudi kwenye kadi ya kliniki

Je, mtoto mwenyewe anakua kwa mwendo upi? Hakuna hata mmoja kati ya ile mitatu. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufika kilo 6 akiwa na miezi 5 hivi, kilo 9 akitimiza mwaka, na kilo 12 akiwa na miaka 2. Kilo 3 za kwanza zilichukua miezi 5, zilizofuata miezi 7, na zilizofuata miezi 12. Mstari unapanda kwa kasi mwanzoni, kisha unalala kidogo kidogo. Kwa hiyo mama wa mtoto wa mwaka mmoja asishtuke kwamba mwanawe "haongezeki kama zamani".

Unaposoma kadi, usihangaike na kinukta kimoja. Angalia vinukta vitatu au vinne vinaelekea wapi. Mtoto mdogo wa umbo ambaye vinukta vyake vinafuata mstari wake mwezi hadi mwezi anaendelea vizuri. Mtoto mnene ambaye vinukta vyake vimelala miezi miwili au vinashuka anahitaji kuonwa na daktari, hata kama jirani anamsifu kwa afya.

Utajuaje ni mwendo upi?

Andika namba zako kwa mfuatano, kila moja kwa kipindi kilekile, kisha ufanye hivi.

Toa kila namba kutoka kwa inayofuata. Kama tofauti ni ileile, kwa mfano 2, 4, 6, 8, huo ni mstari mnyoofu.

Kama tofauti zenyewe zinaongezeka kwa hatua sawa, kwa mfano 1, 4, 9, 16, ambapo tofauti ni 3, 5, 7, hicho ni kipeo cha pili.

Kama kila namba ni mara ileile ya iliyotangulia, kwa mfano 2, 4, 8, 16, huko ni kujizidisha.

Tazama kwamba mstari wa kwanza na wa tatu vyote huanza na 2 na 4. Namba mbili za mwanzo haziwezi kukuambia uko kwenye grafu ipi. Kwa ugonjwa wa mtoto, usisubiri namba ya tatu ili ujue.

Nini cha kufanya nyumbani

Homa ya mtoto ikianza, andika siku na saa. Maneno "tangu juzi" na "tangu juzi usiku" yanaweza kubadilisha uamuzi wa daktari.

Mpeleke akapimwe ndani ya siku hiyo au inayofuata. Usimpe dawa ya malaria bila kipimo, wala vidonge vilivyobaki vya kaka yake.

Nenda hospitali mara moja, hata usiku, kama mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anapumua kwa shida. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na homa, asisubirishwe kabisa.

Maliza dozi uliyoandikiwa, kwa saa ulizoelekezwa, hata kama mgonjwa amepona machoni pako.

Na ukija kliniki, pamoja na kuniuliza "ni kiasi gani?", niulize pia "kinabadilikaje?" Sukari ya leo, presha ya leo, uzito wa leo, kila kimoja ni kinukta kimoja. Njoo na daftari lenye vinukta vya wiki zilizopita, tukae pamoja tuone vinaelekea wapi.